Mzazi Mmoja wa Damu

Madaktari walipofika shuleni kwetu walitafuta watu wenye miaka kumi na minane na afya njema. Tabia njema hawakuitaja, nami nikajitokeza mara moja. Walitaka kujua kwa nini watu wawili wazima kabisa hutofautiana kwa wingi wa hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, na ni kiasi gani cha tofauti hiyo hurithiwa. Kwa hiyo kila mmoja aje Jumamosi na mzazi.

Hiyo ndiyo sababu nilijitoa kwa ajili ya sayansi. Papa, baba yangu mzazi, anakaa Kasungami, hapa hapa Lubumbashi, na tangu tumzike Mama hajavuka lango la bweni. Siku za wageni mimi huonja vyakula vya wazazi wa wenzangu, kwa usalama wao.

Nilimpigia simu.

— Papa, madaktari banatafuta damu yako.

— Uko mugonjwa?

Ningesema ndiyo, angekuja mbio. Lakini mwaka jana niliugua malaria tatu za uongo, na sasa haniamini tena.

— Niko muzima. Banataka bantu bazima tu.

— Mucheko yako tena! Muntu muzima banamutoa damu ya nini?

— Kuya tu Jumamosi, Papa.

— Bon. Baba yako atafika.

Jumamosi nilipiga pasi shati, jambo lililomtia hofu mlinzi wa bweni. Akaingia Baba Dédé, rafiki wa Papa tangu kazi ya reli, amevaa koti la kanisani. Kwetu baba akishindwa, rafiki wa namna hiyo hushika nafasi, naye ni baba kamili. Hata makosa yangu yote, préfet, mkuu wetu wa shule, humsomea yeye.

Alikuwa ameshakunja mkono wa koti.

— Ni mimi njo baba yake, alimwambia muuguzi, Mama Victorine.

— Ulimuzala?

— Hapana. Nilimupigaka fimbo.

— Pole, papa. Apa tunatafuta mwenye kumuzala.

Akaushusha mkono wa koti polepole.

— Papa yako alisema iko na kazi, aliniambia, bila kunitazama.

Nilimsindikiza hadi langoni. Niliporudi, wenzangu walikaa wawili wawili na wazazi wao, pamba mikononi. Nilimwomba Mama Victorine anipime hivyo hivyo, nje ya utafiti. Akanichoma kidole.

— Hemoglobini yako ni kumi na tatu na kidogo. Iko chini, lakini ni ya muntu muzima. Labda inatoka kwa baba yako.

Nikasema labda. Papa ni mkarimu kwa namna hiyo: hutoa bila kufika.