Namba Nzuri ya Shemeji

Shemeji, mdogo wake mume wangu, ni dereva wa lori asiyeogopa mlima wala mteremko; anachoogopa ni njaa. Mwaka jana moyo ulimwangusha akiwa anafunga turubai, akaandikiwa vidonge vya kolesteroli vya kila siku. Tangu hapo ana dua moja tu: daktari amwachishe vidonge hivyo, mkewe naye aache kumkumbusha kila asubuhi. Daktari alimwambia kipimo kikija kizuri watazungumza.

Akaja maabara kwetu saa tatu asubuhi, kifua mbele kama bwana harusi. Nilikuwa nimemwagiza akae muda wa saa kumi na mbili bila kula. Akaapa kwamba tangu jana jioni hakuna kilichopita kooni ila maji na mate.

Nikamtoa damu, nikaiacha igande, nikaizungusha kwenye mashine. Damu ya aliyefunga, ikishatulia, juu hubaki maji ya njano, maangavu. Ya shemeji yalikuwa meupe kama uji. Nikajisemea, mate ya huyu bwana yana siagi.

Mashine ya kupimia haina habari na uongo wa mtu. Yetu hupima vitu vitatu: kolesteroli yote, ile nzuri, na mafuta mengine yanayoelea humo. Ile mbaya, inayoziba mishipa, haiipimi. Huitafuta kwa kutoa. Chukua yote, toa nzuri, toa na sehemu ya tano ya mafuta. Sasa mtu akija ameshiba, mafuta yamefura, kinachotolewa kinazidi, na ile mbaya inapungua kwenye karatasi tu. Mwilini iko palepale. Mashine ikamtolea ile mbaya sabini na sita. Hata mimi ninayejinyima siagi sina namba ndogo hivyo.

Shemeji alikuwa keshaingiza kichwa dirishani, keshasoma.

"Si nilikwambia? Piga muhuri, shemeji, nimuwahi daktari."

"Sipigi." Nikamwinulia kile kichupa cha damu yake. "Ulikula nini?"

Akatazama dari. Lilianza yai moja. Hadi mwisho wa maelezo yalikuwa matano, ya kukaanga, alfajiri, na mkate juu, kwa sababu, alisema, akitolewa damu na tumbo tupu angezirai akaniaibisha kazini. Kisha akaniinamia, akanong'ona kwamba sisi ni ndugu, na isitoshe namba imetoka kwenye mashine, hakuiiba.

Nikamwambia namba hiyo ikimwachisha dawa, mimi ndiye nitakayepikia watu msibani kwake, na moshi siuwezi.

Kesho yake aliletwa na mkewe, aliyelala na ufunguo wa jiko chini ya mto. Safari hii maji yalikuwa ya njano. Mia moja na sitini.

Akaisoma mara tatu. Akaomba kalamu, akaipiga ile hesabu ya kutoa mwenyewe kwa mkono, midomo ikimcheza. Mia moja na sitini. Akakaa kwenye benchi, kofia magotini.

"Shemeji," akasema chinichini, mkewe asisikie, "hivi vile vidonge vinamezwa kabla ya kula au baada?"

"Mwaka mzima unavimeza, leo waniuliza mimi?"

Akavaa kofia, akaishusha hadi machoni. Nikamwita mkewe.