Kufuli la Chumba cha Pumba

Ng'ombe Madamu aligoma kula. Aliwekewa ndoo ya pumba, akainusa, akageuza shingo pembeni kama mtu aliyetukanwa. Tangu jana hacheui, hata taya halichezi. Amelala tu, tumbo limejaa upande mmoja.

Bwana Kufuli alisimama mlangoni mwa banda akimtazama, lakini jicho moja lilikuwa kwenye ukuta wa jirani. Upande wa pili aliishi shemeji yake, mjane wa kaka yake, naye alikuwa na ng'ombe mmoja mnene. Asubuhi ile ng'ombe huyo alikuwa anatafuna kwa fujo mpaka sauti inavuka ukuta. Kufuli aliisikia akaona anachokozwa.

Jina hilo hakulipata bure. Tangu yeye na shemeji yake wagombane juu ya mpaka wa ua, alikuwa amefunga kila kinachofungika. Geti kufuli, banda kufuli. Chumba cha pumba ndiyo usiseme: alikiziba dirisha kwa mabati, akayazungushia magunia nailoni nzito, ufunguo akauvaa shingoni na kuoga nao. Watu walicheka. Yeye aliona wanaocheka ndio wenye nia mbaya. Na tusimwonee, alikuwa na cha kuogopa. Madamu alilelewa kwa chupa na marehemu mkewe, na tangu amzike mkewe, Kufuli hakuwa na mwingine wa kuongea naye asubuhi. Madamu akiondoka, nyumba imekwisha.

"Shemeji!" Sauti ilitoka getini. "Nifungulie, nimekuletea dawa."

Akafungua kidogo, upana wa bega. Shemeji alikuwa ameshika ndoo yenye maji ya kijani yanayonuka.

"Dawa gani inanuka hivi?"

"Nimemtoa ng'ombe wangu mdomoni majani anayocheua, nikayachanganya na maji ya vuguvugu. Wangu alipougua alinyweshwa hivihivi, akainuka. Mnyweshe kabla hayajapoa."

"Umejuaje kama Madamu anaumwa?" Kufuli hakuwa amemwambia mtu.

"Kila asubuhi ananiamsha kwa kelele. Leo kimya."

Jibu lilikuwa zuri mno, na Kufuli majibu mazuri ndiyo yaliyomtia wasiwasi zaidi. Akaipokea ndoo, akaimwaga mtaroni mbele ya macho ya shemeji.

"Ulimtilia sumu wewe," akasema, "sasa umekuja kummalizia."

Shemeji aliokota ndoo yake akaenda zake, na Kufuli akajisifu moyoni kwamba yeye si wa kuchezewa.

Daktari wa mifugo aliyeitwa na Kufuli alifika kabla ya adhuhuri, mama mmoja mwenye mabuti na maneno machache. Alibonyeza ubavu wa kushoto kwa ngumi, akatega sikio.

"Tumbo limelala, halifanyi kazi," akasema.

"Amelishwa sumu, daktari. Na aliyemlisha namjua. Nataka ulitamke hilo mbele ya watu."

"Kwanza nionyeshe anachokula."

Kufuli akavua ufunguo, akafungua chumba cha pumba. Joto likawapiga usoni. Daktari aliburuta gunia hadi kwenye mwanga, akalichana, na pumba ikadondoka kwa mabonge, kijani na kijivu, ikitoa vumbi lenye harufu ya viatu vilivyolowa. Kufuli alikuwa akiichota gizani siku zote, na harufu hiyo alidhani ni ya magunia.

"Ukungu," daktari akasema. "Sumu yako hii hapa."

"Nilijua!" Kufuli almanusura apige makofi. "Sasa shemeji kaipitishia wapi?"

"Huu hauletwi na mtu. Pumba iliingia na unyevu, ukaifungia bila hewa, ikaozea humohumo. Nani mwingine ana ufunguo?"

Kufuli akagusa kifua pale ufunguo unapokaa. "Mimi tu," akasema, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Daktari hakumsubiri. Alimweleza kwamba tumbo la ng'ombe lina wakazi wake, bakteria na kuvu wasiohesabika, ndio wanaomvunjia majani yawe chakula. Kuvu hao ni wema, si kama ukungu huu wa gunia. Ukungu umewavuruga, wengi wamekufa.

"Sindano pekee haitawarudisha. Ni kama umeishiwa hamira, unaazima kwa jirani. Tuvute kwa mpira maji ya tumboni mwa ng'ombe mwenye afya, tumnyweshe yakiwa na joto. Ng'ombe gani yuko karibu?"

Nyuma ya ukuta, yule mnene alikuwa bado anatafuna.

Kufuli alikwenda kwa miguu mizito. Geti la shemeji lilikuwa na mnyororo na kufuli jipya, linang'aa. Jana halikuwapo. Alibisha, shemeji akaja, akasimama nyuma ya vyuma bila kufungua.

"Shemeji, naomba ile dawa."

"Uliyoimwaga?"

"Hiyohiyo. Daktari ataivuta mwenyewe kwa mpira."

"Na akinywa cha kwangu akafa, utasema nani kamuua?"

Angeweza kusema ni kazi ya Mungu. Angeweza kusema tutajua mbele ya safari. Madamu aliguna upande wa pili, mguno wa chini.

"Mimi, shemeji. Pumba ilikuwa yangu, nikaifungia mpaka ikaota ukungu. Nimemlisha mwenyewe."

"Bado sikuamini," shemeji akasema, akatoa ufunguo kiunoni. "Mwite daktari na mpira wake. Wewe ubaki hapo nje."

Akabaki. Daktari alipopita, yeye alisikia kufuli likifungwa tena, na hakuwa na la kulalamika.

Jioni, Madamu akiwa ameshanyweshwa dawa, Kufuli alikuwa amekaa chini bandani, mgongo ukutani. Madamu alibeua kwa nguvu. Kisha taya likasogea upande, likarudi, likasogea tena. Kufuli alilia waziwazi, akainuka, akaukabili ukuta.

"Shemeji! Anacheua!"

Akadhani hatajibiwa, na akaona ndivyo anavyostahili.

"Namsikia," ikaja sauti, karibu sana, kama ya mtu aliyekuwa ameegemea ukuta uleule kwa upande wa pili, akisubiri.