Kola ya Shingo ya Bi Fusae

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Fusae Nukazawa alimshabikia Haruomi Ishigure, mchezaji wa kuteleza kwenye barafu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuuona mwanzo wa mtelezo wake mashuhuri. Aliuona mwisho tu. Kosa halikuwa la macho yake. Lilikuwa la adabu.

Haruomi hakuwa na bahati na mruko wa mwisho, ule unaotangulia mtelezo huo. Kila mara alianguka, akainuka, kisha akawainamishia kichwa watazamaji wa upande alioangukia, kama mtu aliyemkanyaga jirani mguu. Watazamaji hao walikuwa akina mama waliolelewa vizuri. Walipoinamiwa, nao waliinama. Walipoinua vichwa, kijana alikuwa ameshaupinda mgongo nyuma, yuko katikati ya mtelezo, na nusu ya uzuri ilikuwa imewapita.

Leo, hapa mjini Morioka, Haruomi angeteleza kwa mara ya mwisho. Alikuwa anastaafu akiwa na miaka thelathini na mmoja, bila medali hata moja. Fusae aliapa kwamba hatainama. Ndiyo maana alikuja amevaa kola ngumu ya shingo, ile aliyopewa kliniki mwaka jana alipoanguka kwenye ngazi za posta.

"Umeumia tena?" aliuliza Tokiwa, shoga yake wa kiti cha pili, huku akifungua kasha la chakula.

"Sijaumia. Nimejifunga."

"Umejifunga nini?"

"Kichwa. Leo akiniinamia, sitaweza kumjibu."

Tokiwa alitafuna tonge lake la wali polepole. "Mwenzangu, wewe unainamia hata simu. Juzi uliiinamia mashine ya tiketi."

"Ilinishukuru."

"Huyo kijana akikuona umekaa wima hivyo, atadhani umemchukia."

"Na adhani. Nimekuwa na adabu miaka kumi na mmoja. Imetosha."

Muziki ulianza, fidla na piano. Haruomi hakuwa na kasi ya wenzake wadogo. Alichokuwa nacho ni mikono isiyo na haraka na magoti laini. Alipobadili mguu, chuma cha viatu vyake hakikusikika kikikwaruza barafu. Tokiwa aliacha kutafuna. Kijana akaja upande wao, akaruka, akazunguka hewani mara tatu, akatua. Akabaki amesimama.

Hakuna aliyejiandaa kwa jambo hilo. Akina mama walikuwa wameshaanza kuinama kwa mazoea, na vichwa arobaini vikashuka pamoja kumsamehe kosa ambalo hakulifanya. Kimoja tu kilibaki juu, kimeshikiliwa na sponji na plastiki.

Kwa hiyo Fusae aliona. Aliuona mtelezo wote, tangu mwanzo, peke yake.

Muziki ulipokwisha, Haruomi aliwainamia waamuzi. Kisha akageuka, akautafuta ule uso mmoja uliokuwa umemtazama, akauinamia kwa heshima kubwa mpaka nywele zikamfunika macho.

Fusae alichomwa na aibu. Mtu kama huyu hawezi kuachwa hivi hivi. Shingo ilikataa, basi akainama kwa kiuno, mwili mzima, kama kifuniko cha sanduku, akamwangukia mgongoni bwana wa safu ya mbele pamoja na chupa yake ya chai.

"Naomba radhi sana," alimwambia, akiwa bado juu yake.

"La, kosa ni langu, mama," alijibu yule bwana kutoka chini, naye akijaribu kuinama.

Katika ukumbi wa nje akina mama walimzingira.

"Tuambie," alisema Tokiwa. "Anaanzaje?"

Fusae alivua viatu, akasimama kwa soksi kwenye sakafu iliyong'aa. "Kwanza anatazama nyuma, kama mtu anayejiuliza iwapo amefunga mlango wa nyumba. Halafu anaupeleka mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, vidole vikielekea nje. Hivi."

"Utavunjika, shoga."

"Nishike kiuno. Mikono bado haijafunguka. Watu hudhani inafunguka kwanza. Sivyo. Kwanza anavuta pumzi. Kifua kinapanda, na kifua ndicho kinachoifungua mikono."

Mama mmoja mwenye leso alimwomba arudie pale pa pumzi. Akarudia. Wengine wawili walikuwa wameshavua viatu.

"Na baada ya hapo?" aliuliza mwenye leso.

"Yanayofuata mnayajua," alisema Fusae, goti likiwa limekwama. "Niinueni."