Pazia la Fakihi

Kilichomkereketa Alfonsi ni pazia. Jirani yake wa kitanda kwenye kituo cha wazee pale Bunju, Mzee Fakihi, alikuwa na pazia la kijani lililoletwa na binti yake kutoka Msasani. Fakihi akiogeshwa, linavutwa. Likifunguliwa, ananukia sabuni kama bwana harusi. Alfonsi, aliyebeba saruji kiwandani Wazo mpaka kiharusi kikamlemaza upande mmoja, yeye alivuliwa peupe, kila apitaye anamwangalia kama samaki wa mnadani.

Alimwomba matroni Kokuberwa, mkuu wa kituo, naye apatiwe pazia.

"Mzee wangu, lile kaleta mwanawe. Kituo hakina fungu la mapazia."

Fungu la kupaka geti rangi lilikuwepo. La kiti cha matroni cha kuzunguka lilikuwepo. La kumsitiri mtu ndilo halikupatikana. Wakubwa wakishavaa nguo zao, hudhani dunia nzima imevaa.

Alfonsi hakujaliwa mtoto. Alibaki na doti ya kanga ya marehemu mkewe, Yustina, ambayo hakuwahi kuikunjua tangu mazishi. Akamwomba Noela, mhudumu wao, aitundike kwenye kamba: kipande kimoja upande wa mlango, kingine upande wa Fakihi.

Fakihi akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Kijicho hakipunguzi riziki yangu." Akamgeukia. "Alfonsi, fumbo hili unanipiga mie?"

"Kanga ya mke wangu hiyo."

"Mkeo, Mungu amrehemu, hayupo. Maneno umeyaelekeza kwangu wewe. Haya niambie, kati yetu mwenye kijicho nani, babu wee?"

Alfonsi angecheka kama roho isingemuuma. Hata kusoma yule alimzidi. Yeye maneno yale aliyajua kwa kusomewa na Yustina.

Jumamosi walitarajiwa wageni wa kuleta mchele na sabuni. Asubuhi matroni akaishusha kanga mwenyewe. "Wodi imekuwa kama duka la nguo," alisema, akaitupa kitandani.

Noela alikuwa bado anamfuta Alfonsi kwa kitambaa wageni walipoingia, simu mikononi, matroni mbele yao akitabasamu. Shuka lilikuwa miguuni. Noela akadaka taulo, nalo dogo. Alfonsi akafumba macho.

"Jamani, huku," Fakihi akaita, akalifungua pazia lake lote. Alikuwa amevaa msuli tu, kifua wazi, mbavu zimemtoka. "Mzee wa kupigwa picha ni mie. Huyo hana sura."

Wageni wakacheka, wakamgeukia, Alfonsi wakampa migongo. Hata leo wamemkimbilia yeye, Alfonsi akawaza. Alipokwisha kuvalishwa shati ndipo akatambua kwamba hakuna simu hata moja iliyomwelekea. Fakihi, ambaye hata mbele ya binti yake havui shati, alikuwa akicheka na wageni huku akijifunika mbavu kwa mikono.

Walipotoka, Alfonsi akasema ahsante. Neno lilimtoka kama jino.

"Ahsante utaila wewe," Fakihi akajibu, akipapasa kuitafuta fulana yake. "Noela, mwanangu, mtundikie mzee kanga yake. Matroni akiuliza, sema Fakihi kaagiza. Ila safari hii igeuze, maneno yamtazame yeye mwenyewe."

Noela akamwangalia Alfonsi. Alfonsi akamkabidhi kanga, akasema, "Igeuze."