Kopo la Mlenda

Restuta alikuwa na miaka hamsini na mbili, wajukuu wawili, duka la kushonea nguo kule Makole, na wivu wa mtoto wa chekechea. Hilo la mwisho hakulijua mwenyewe mpaka mwaka ambao baba yake, Mzee Yoramu, aliletwa mjini kutoka kijijini Haneti kutibiwa kansa ya utumbo.

Alimpokea nyumbani kwake Miyuji kwa mikono miwili. Alimpa chumba chenye dirisha la uani, akamnunulia godoro jipya, duka akawaachia mafundi wake. Kila baada ya wiki tatu alimpeleka hospitali kutundikiwa dripu ya dawa. Dripu zilikuwa sita, na daktari alikuwa amesema wazi: zifuatane, zisikatike katikati. Siku nyingine zote Restuta alipika. Kuku wa kienyeji, maini, wali, supu ya kongoro. Mzee alimega matonge mawili, akanawa.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Mama, ndivyo alivyomwita siku zote. Restuta alirithi jina la bibi yake mzaa baba, na kwa watu wa kwao jina si pambo. Tangu alipobatizwa, Mzee Yoramu alimheshimu kama mama aliyemzaa. Hakumchapa hata fimbo moja. Hakuuza mbuzi bila kumuuliza. Utotoni Restuta aliringa nalo sana, na mdogo wake Emilia alikula viboko vya wote wawili.

Baada ya dripu ya pili Emilia alikuja kumwona mgonjwa. Yeye alikuwa amebaki Haneti akilima uwele, na aliingia na kifurushi cha unga wake na kopo la maziwa lililojaa mlenda mkavu uliotwangwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja, mwanangu."

Mwanangu mara mbili kwa pumzi moja. Restuta alizihesabu.

Jioni hiyo Emilia alisonga ugali laini, akapika mlenda kwa karanga, akampelekea baba chumbani na kufunga mlango. Sahani ilirudi tupu, imepanguswa. Restuta aliitazama kama mke anavyotazama khanga ya mke mwenza kwenye kamba.

Wiki nzima ikawa hivyo. Ugali uliingia, kisha bakuli la maji ya vuguvugu na kitambaa cheupe, mlango ukafungwa, na baada ya muda kicheko cha mzee kikasikika. Nyumba ya Restuta, godoro la Restuta, na kicheko cha Emilia.

"Mnafanya nini humo?" aliuliza siku moja.

"Namsafisha baba tu, dada."

"Mimi sina mikono?"

Emilia aliinamisha macho, akaenda kumwaga maji ya bakuli.

Palizi ilipomwita akaaga. Alimkabidhi dada yake kopo palepale jikoni. "Dada, nakuomba, mlenda usikose. Mchana na jioni." Lilikuwa ombi, tena la adabu, lakini mwenye wivu husikia anachotaka, na Restuta alisikia amri. Mdogo wake huyu aliyembeba mgongoni, leo ndiye wa kumfundisha kumlisha baba! Emilia alipokwisha ondoka, Restuta alipanda kwenye stuli chumbani kwake, akalisukuma kopo nyuma ya masanduku yaliyokaa juu ya kabati.

"Ule mlenda umeingia wadudu, baba," alisema mchana, akimwekea kuku wa kuchoma. "Nimeumwaga."

Mzee alimtazama kitambo. "Basi, mama. Kama umeingia wadudu."

Na tuseme ukweli, Restuta alifurahi. Alikuwa na baba yake peke yake, bila mlango kufungwa, bila mwanangu wa mtu mwingine. Alizidisha mapishi, akazidisha nyama. Mzee alisema ameshiba, na suruali zake zikaanza kumvuka. Restuta, fundi wa miaka thelathini, alizikalia kwenye cherehani akazipunguza kiuno, akijiambia kuwa dawa ndizo zinazomkondesha.

Siku ya dripu ya tatu, nesi mmoja aitwaye Sabrina alimpandisha mzee kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena. Kilo tano zilikuwa zimepungua. Majibu ya damu yalipotoka, alikwenda kuongea na daktari, akarudi akitikisa kichwa.

"Leo hatumtundikii. Mwili hauna nguvu ya kubeba dawa. Mrudi baada ya wiki mbili, na awe amekula." Akamgeukia mgonjwa. "Mzee, unakula kweli?"

"Nakula sana," mzee alidakia kabla bintiye hajafumbua kinywa. "Huyu mama ananipikia kuku kila siku. Msimlaumu."

"Hebu fungua mdomo nikuone."

Mzee Yoramu hakufungua. "Mama," alimwambia Restuta, "nisubiri nje kidogo."

Restuta alitoka, lakini pazia halizuii sauti.

"Mungu wangu. Dawa imekutoa vidonda mpaka kooni," Sabrina alisema. "Na vidonda vyote hivi unatafuna kuku? Nyumbani hawajui?"

"Mdogo wake anajua. Nilimkataza asimwambie."

"Kwa nini?"

"Yule ana jina la mama yangu, binti. Mtu hamwoneshi mama yake kinywa kinachonuka."

Restuta aliketi kwenye benchi. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Ule mlango alioulilia wivu wiki nzima ulikuwa umefungwa kwa heshima yake. Na dripu ya tatu ilikuwa imekatika, si kwa ukali wa kansa, bali kwa kopo lililokaa nyuma ya masanduku yake mwenyewe. Kama baba yake angekufa, Restuta angejua ni nani aliyeisaidia kansa.

Walirudi nyumbani kwa bajaji, kila mmoja akitazama upande wake. Restuta alikwenda moja kwa moja kwenye stuli, akalishusha kopo, akasimama nalo jikoni. Ndipo alipogundua kwamba hajui kuupika. Miaka thelathini ya mjini ilikuwa imemfundisha biriani na keki, ikamsahaulisha mlenda. Akapiga simu Haneti.

"Emilia, mlenda mkavu unatiwa magadi kiasi gani?"

"Si uliingia wadudu? Baba aliniambia."

"Haukuingia wadudu. Niliuficha. Na leo wamekataa kumtundikia."

Alingoja matusi, na matusi yangekuwa nafuu.

"Wiki mbili hajala, dada," Emilia alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Magadi kidogo sana, ncha ya kijiko. Yakizidi yatamchoma vidonda. Karanga zitwange zilainike kabisa. Uache upoe ndipo umpe."

Alifanya kama alivyoambiwa, mstari kwa mstari. Ugali wa uwele akausonga mwororo, mlenda ukapoa, akaupeleka chumbani, naye akafunga mlango. Mzee Yoramu alimega tonge dogo, akachovya, akameza bila kutafuna. Akamega lingine.

"Kumbe wale wadudu wametoka," alisema.

Restuta alipiga magoti pale pale. "Baba, hapakuwa na wadudu."

"Najua. Mlenda wa Emilia hauingii wadudu."

"Ulijua, ukanyamaza? Ukakaa na njaa mpaka dawa ikakupita?"

"Ningesema nini?" Mzee alitazama sahani yake. "Mtu hamwambii mama yake kuwa ni mwongo."

Restuta alilia, na mzee akaendelea kula polepole, kwa sababu njaa ya wiki mbili haingoji machozi ya mtu. Sahani ilipokwisha, Restuta alijifuta uso, akaenda jikoni na kurudi na bakuli la maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kitambaa cheupe.

"Fungua mdomo, baba."

"Hapana, mama. Ngoja Emilia aje."

"Mama yako tulimzika Haneti," Restuta alisema. "Mimi ni mwanao. Fungua."

Mzee alitazama dirishani, kisha akafungua. Harufu ilimjia Restuta usoni, naye hakuugeuza uso wake. Alizungusha kitambaa kidoleni, akachovya.

"Emilia huanza upande wa kushoto," mzee alisema.

Wivu ukamchoma palepale, kana kwamba siku hiyo haukujifunza lolote. Restuta aliumeza, akaanza upande wa kushoto.