Nukta za Penseli

Nasinzia. Ni saa saba na robo mchana, mvua inapiga bati la chumba cha kompyuta, chai imepoa kwenye kikombe, na kichwa kinainama juu ya kibodi kabla sijaamua kulala. Mtu mwenye haya zake angekaa macho. Saa nane kamili kikao cha nidhamu kinarudi kumalizia shauri la Sista Tumpale Mwakalinga, muuguzi wa miaka ishirini na sita katika wodi ya wanawake, na asubuhi, mganga mfawidhi alipouliza kama kuna mwenye la kuongeza, mimi Ipyana, niliyeutengeneza mfumo wa kompyuta wa hospitali hii, niliinama nikafunga kamba ya kiatu. Kiatu hakikuwa kimefunguka. Shauri lenyewe ni fupi. Bibi Sekela aliletwa na jirani akiwa hajitambui, zamu ya usiku ikamchoma sindano ya penisilini, mwili ukavimba, koo likaziba, nusura afe. Kwenye faili lake la kompyuta, penye swali la kama kuna dawa inayomdhuru, pameandikwa Hapana. Jina lililo chini ya faili ni la Sista Tumpale. Yeye anasema pale hakuandika kitu, alipaacha wazi. Wao wanasema kompyuta haijitungii maneno. Na mimi najua kwamba hujitungia, maana ndivyo nilivyoifundisha, na Jumatatu nilifungua mfumo peke yangu, nikaona kosa, nikalirekebisha kwa mstari mmoja, nikafunga mlango nikaenda kula.

Kwa hiyo nasinzia, au nakimbilia usingizini, sioni tofauti. Kwenye skrini nimeacha wazi ile maktaba ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu, niliyojengea mafaili ya wagonjwa. Ni maktaba ya vipande, kila kipande na aina yake. Kipande cha maneno hupokea maneno tu, cha namba hupokea namba, cha tarehe hupokea tarehe, na cha ndiyo na hapana hakijui jambo la tatu. Unavipanga, kimoja ndani ya kingine, hadi vinakuwa mtu mzima mwenye jina, umri, kijiji na maradhi. Natazama mabano ya mwisho kwenye mstari wa mwisho, mabano yanaachana kama milango miwili ya kabati, yanaachana zaidi, na kabla sijauliza kuna nini huko ndani mguu wangu umeshavuka, na nimesimama kwenye barabara.

Barabara imenyooka hadi macho yanachoka, na kando zake zote mbili kuna nyumba, na barabara imelowa, kwa hiyo chini ya kila nyumba kuna nyumba nyingine imesimama kichwa chini, na chini yangu yupo mtu anayetembea nyayo zake zikigusa zangu. Sitaki kumtazama. Mbele yangu anatembea mtu aliyevaa sare nyeupe ya uuguzi, namfuata kwa sababu hakuna mwingine wa kufuata, na anapogeuka naona hana uso. Ngozi yake ni laini kuanzia kwenye nywele mpaka kidevuni, kama kadi ambayo haijaandikwa. Namuuliza hapa ni wapi. Anasema hapa ni pale ulipopajenga ukapaacha. Namuuliza barabara inaishia wapi. Anasema, inaishia ukinitambua, nimekaa kati ya ndiyo ya mtu na hapana yake, nami si labda. Nitaje jina nikufungulie. Nafikiri kidogo. Nasema, wewe ni sifuri. Barabara inageuka, nyumba zinapita, na tuko palepale tulipoanzia, mabano nyuma yangu. Nasema, basi wewe ni kosa. Inageuka tena, tuko palepale. Anasema, kaka Ipyana, hatuna haraka, mbele tutapita tu nyumba zako.

Tunapita nyumba zangu. Nyumba ya namba ni baridi, watu wake wamepangwa kwa uzito. Nyumba ya tarehe ina shangwe, wazee kwa mamia wanakula wali wa sikukuu, na mlangoni naambiwa wote wamezaliwa tarehe mosi Januari, kwa sababu makarani wa zamani walimwandikia hivyo kila asiyeijua siku yake. Ila pembeni kuna chumba kidogo chenye jiko la mkaa, na humo yupo bibi yangu mzaa mama, anaota moto, yeye hajapewa Januari ya bure. Nakumbuka. Hapa nilihangaika siku tatu nzima ili kipande cha tarehe kikubali mtu kusema sijui, kwa sababu nilimfikiria yeye, aliyezaliwa mwaka wa njaa na hakuna aliyehesabu. Namwambia mwenzangu asiye na uso, unaona, nilijali. Sauti yangu inatoka ya mtu anayejisifu na naisikia, uso unaniwaka. Anasema, bibi yako ulimjali. Bibi ananitazama juu ya moto, halafu anatazama kiatu changu.

Nyumba inayofuata ndiyo nilikuwa naiogopa tangu barabarani. Ni wodi ndefu yenye milango miwili upande wa mwisho, mmoja umeandikwa Ndiyo, mwingine Hapana, na katikati kuna meza, na mezani nimekaa mimi, nimevaa shati langu la Ijumaa. Najua ni Ijumaa, maana mkoba uko begani, nimeshaaga watu. Mbele ya meza kuna foleni. Anayesema ndiyo anapita huku, anayesema hapana anapita kule, na asiyesema kitu, aliyelala kwenye machela, aliyebebwa na jirani, mtoto mchanga, bubu, huyo mtu wa mezani hamtazami hata usoni, anagonga muhuri wa Hapana na kumsukuma. Kazi inakwenda upesi. Nakumbuka niliwaza hivyohivyo, kwamba ikianza na Hapana wauguzi watabofya mara chache, foleni itapungua, na mimi nitawahi kutoka. Kwenye foleni yupo Bibi Sekela, uso umevimba mpaka macho yamepotea. Namkimbilia, namwamkia, shikamoo bibi, nashika machela nimtoe nje. Anasema marahaba kwa taabu, kisha anasema, mbona hujaniuliza. Namwambia nakuuliza sasa, bibi, kuna dawa inayokudhuru? Anafungua kinywa anijibu, na muhuri unagonga, na mlango unammeza. Natazama mkono ulioshika muhuri. Ni wangu, na ile saa ya mkononi ni yangu, na mtu wa mezani hayupo, kiti nimekikalia mimi.

Nataka kuamka. Naomba niamke. Badala yake ukuta wa wodi unakuwa rafu, na rafu zimejaa kadi za zamani za karatasi, zile tulizokuwa tunazitoa ili niziingize kwenye kompyuta. Harufu ya vumbi na spiriti. Yule mwenzangu wa sare nyeupe anaketi kwenye stuli, na polepole uso unamjia, miwani kwanza, halafu mwanya, halafu yote, na ni Sista Tumpale wa miaka mitatu iliyopita, ameshika kadi mkononi na kunionyesha. Hapa, mwanangu, anasema, usije ukazisahau hizi. Kwenye kadi, penye swali la dawa, hakuna ndiyo wala hapana, kuna nukta ndogo ya penseli. Ananieleza kwa utaratibu wake kwamba muuguzi anayempokea mgonjwa asiyeweza kusema huweka nukta, na wa zamu inayofuata akiiona anajua kuwa swali linamngoja, anaamsha mgonjwa, anatafuta ndugu, anauliza, anafuta nukta na kuandika. Wamefanya hivyo tangu yeye akiwa mwanafunzi. Haipo kwenye kitabu chochote. Na pembeni nimesimama mimi, kijana wa chuo mwenye simu mkononi, naitikia kwa kichwa. Ndiyo sista, nimekupata sista. Sijampata. Sikumsikia. Baadaye nikiwa peke yangu na kadi hizo nikaziona nukta kwa mamia, nikadhani ni uchafu, ni mahali penseli ilipopumzika mtu akiwa anafikiri. Napiga kelele kumwambia yule kijana amsikilize mama wa watu. Anainama kufunga kamba ya kiatu.

Basi nasema jina. Sijalitafuta, limekaa mdomoni siku zote. Namwambia Sista, au aliyevaa uso wake, kwamba wewe ni Bado. Bado hajaulizwa. Barabara inaacha kugeuka, na mvua inakoma nayo. Anasema, vizuri, sasa na mimi nikuulize lako. Anageuza ile kadi na nyuma yake ni fomu ya maelezo ya kikao cha nidhamu, naitambua, niliijenga juzi kwa vipande vilevile, mfawidhi aliitaka haraka. Je, unajua hitilafu yoyote katika mfumo? Vijiduara viwili, Ndiyo na Hapana. Kile cha Hapana kimeshajazwa. Anasema, hukujibu asubuhi, kwa hiyo umejibiwa. Nataka kusema, na midomo inashikana. Napapasa, nakuta ngozi laini pale palipokuwa na kinywa, laini palipokuwa na pua, nainama kwenye maji ya barabarani na yule wa kule chini ananiinukia bila uso, na nyayo zetu bado zimegusana. Naona aibu ambayo sijawahi kuiona nikiwa macho, aibu ya mwili mzima, mpaka vidole. Sista anachomoa penseli kwenye mfuko wa sare. Anaweka nukta moja pale ambapo kinywa changu kilikuwa, taratibu, na anasema, nitarudi zamu ijayo.

Naamka na shavu limelala kwenye kibodi. Saa nane kasoro dakika nne. Mvua imekatika, chai ina utando. Kwenye skrini kuna fomu ya maelezo, jina langu juu, na kwenye swali lile Hapana imejazwa, sikumbuki kama ni mimi au fomu. Najifuta mdomo na kidole kinatoka na weusi kidogo, wa wino, wa penseli, wa vumbi la kibodi, sijui. Natoka. Korido imepigwa deki, imelowa, na milango ya wodi iko pande zote mbili na vivuli vyake chini, naitembea na inakuwa ndefu kuliko nilivyoizoea, na mtu fulani nyayo zake zinagusa zangu. Nafungua mlango wa kikao. Mganga mfawidhi yupo, karani wa kuandika yupo, matroni yupo, na kwa mwanga wa dirishani nyuma yao sioni nyuso zao hata moja. Sista Tumpale amekaa mwisho wa meza. Sare yake ameikunja kwenye mapaja, amekuja nayo kuirudisha.

Mfawidhi anasema, tulikuwa tunafunga, kuna mwenye la kuongeza? Kiatu changu kimefungwa. Nasema, Sista hakuandika Hapana. Aliacha wazi, mfumo ukamwandikia, mimi ndiye niliyeuweka hivyo, na Jumatatu nililirekebisha kosa nikanyamaza. Nangoja tugeuke tuwe palepale tulipoanzia, kama kwenye barabara ile. Karani ananyanyua kalamu, anauliza, niandike hivyo? Sista Tumpale ananigeukia, na uso wake upo, miwani, mwanya, macho mekundu ya siku tisa bila kulala, na simwoni na hasira, ningeomba awe na hasira.

Nilikuonyesha zile nukta, mwanangu, anasema.

Ndiyo, Sista. Ulinionyesha.

Natazama chini. Sakafu imelowa, na simwoni mtu ndani yake, labda kwa sababu ya mwanga, labda kwa sababu bado nimelala na yeye ameamka. Siwezi kujua. Aibu ni ileile, haikubaki upande wowote. Namsikia karani anaanza kuandika, nami nasimama palepale, nangoja amalize jina langu.