Ragnfrid na Manowari ya Barents

Ragnfrid Hauge alikuwa ameshavuta nusu ya mshipi wake mrefu wa ndoana nyingi redio ilipokoroma. Mwanamume mmoja aliviamuru vyombo vyote vya uvuvi viondoke: manowari za nchi jirani zinakuja kufanya mazoezi ya mizinga.

"Haya, tufungashe," alisema Aslak, shemeji yake, huku akimchomoa chewa kwenye ndoana. Mashua nne za kijijini kwao, Båtsfjord, zilikuwa zimeshageuza.

"Tufungashe nini, shemeji? Nusu ya mshipi bado iko chini."

"Mzinga hauulizi mshipi wa nani."

Ragnfrid alicheka. Alikulia kando ya bahari hii ya Barents na alijua kwa nini inagombewa. Mkondo wa vuguvugu hukutana hapa na maji ya barafu, samaki wakajazana. Mkondo huohuo huzuia bandari zisigande hata Januari, na ndiyo sababu jirani wa mashariki aliweka nyambizi zake pwani hii. Zikitaka bahari kuu, hupita hapa. Wakubwa wametunishiana misuli juu ya maji haya tangu enzi za babu yake, na babu hakuacha kuvua.

Akashika redio. "Hapa ni mashua Havdis. Nipo kwenye maji ya uvuvi ya Norwe, nina mshipi majini. Kwa sheria ya bahari, wewe ndiye wa kunipisha."

Sauti ileile ya redioni ikajibu: "Mama, rudia tafadhali."

"Umenisikia vizuri, mwanangu. Nikimaliza nitakwambia."

"Mwanangu!" Aslak alishika kichwa. "Unamwita mwanao mtu mwenye makombora!"

Manowari ilichomoza, ya kijivu, ikawajia moja kwa moja.

"Yule hapunguzi mwendo, shemeji."

"Na wewe usipunguze. Vuta."

Alama nyeusi za kuonyesha kwamba mashua inavua zilining'inia mlingotini, wazi kabisa. Ragnfrid alishika usukani, mashua ikaenda polepole vilevile. Manowari ilikaribia hadi wakaona watu kwenye chumba chake cha nahodha. Halafu pua yake ikageuka, taratibu, kuelekea kaskazini. Wimbi lake likaitikisa Havdis, ndoo ya chambo ikapinduka, basi.

Aslak alikaa juu ya kasha la samaki akacheka mpaka akakohoa.

Mashua zile nne zilikuwa zimesikia kila neno redioni. Kabla ya saa sita mchana zilirudi, moja baada ya nyingine, zikaanza kutega mishipi.

"Waone!" Aslak alifoka. "Walikimbia kama sungura, sasa wanatubana kwenye sehemu yetu!"

"Waache," alisema Ragnfrid, akiokota chambo. "Samaki wapo wa kututosha sote."